Laiki Arobaini na Moja

3 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Kosa la wengi wanaoendesha kurasa za mtandaoni ni kuhesabu makofi bila kuuliza nani kayapiga. Nimeanza na kosa kabla ya salamu. Nisamehe, ndiyo tabia yetu tuliozeekea redioni. U mzima? Kikohozi kimekuachia? Huku hatujambo, mimi na magongo yangu.

Unasema karakana yenu ya miguu bandia inapokea watu wanane tu kwa mwezi, na wasipoongezeka kufikia mwisho wa Mei itafungwa. Unasema pia kwamba ukurasa wenu unapendwa mno, kila picha ya mkurugenzi akikata utepe inapata laiki arobaini na kitu. Nilipokuwa nikisoma barua za wasikilizaji, jicho langu lilianza na muhuri wa posta: imetoka wapi, imetumwa lini. Sasa hebu fungua takwimu za ukurasa. Laiki hizo huingia saa ngapi? Usikisie. Angalia.

Mjomba wako


8 Machi

Shikamoo mjomba,

Kikohozi kimekwisha, asante. Mama anakusalimu, anasema usiruke dawa.

Nimeangalia, nikacheka peke yangu mpaka mhasibu akaja kunichungulia. Ni laiki arobaini na moja, kila siku, zote kati ya saa mbili na dakika tano na saa mbili na robo asubuhi. Na sisi wafanyakazi tuko arobaini na mmoja! Kila asubuhi kwenye kikao mkurugenzi husema, “Haya, simu juu, tupende ukurasa wetu,” nasi tunabonyeza. Mimi mwenyewe nimo. Mwaka mzima tumejipigia makofi wenyewe, na mwenye shida ya mguu hata hajui tupo.

Nimwambieje mkurugenzi?

Mpwa wako mwenye aibu


13 Machi

Mpwa wangu,

Nimefurahi kifua kimepona. Dawa nakunywa, mwambie mama yako apumue.

Mkurugenzi usimwambie amekosea. Alifanya kwa mapenzi. Mwombe wiki mbili tu simu zibaki mifukoni, useme unataka kuona wageni wanaoingia wenyewe. Kisha achana na laiki. Mtu hupenda kitu hata kwa adabu tu, kama anavyoitikia salamu njiani. Lakini akikihifadhi, anakihitaji. Na akikituma kwa mwenzake, basi kuna mtu fulani amemkumbuka alipokuwa akitazama. Tafuta hayo mawili, hata kwenye vitu vya zamani ulivyovidharau, na uangalie nani anatazama hadi mwisho. Ukishajua, tengeneza vingine vya aina hiyo.

Mjomba


26 Aprili

Shikamoo mjomba,

Nisamehe kwa ukimya wa wiki sita; kazi imenizidi, na ni wewe uliyeileta! Afya yako? Bega linalouma kwa magongo je?

Wiki ya kwanza laiki zilishuka hadi tatu. Mkurugenzi akashika kichwa: “Hawa watatu ni nani?” Nikamwambia, “Mama yangu, mke wako, na muuza magodoro.” Alicheka, nikapona.

Halafu nikaikuta video ya mwaka jana. Nilikuwa namsubiri fundi wetu kwa picha nyingine, nikamrekodi akieleza namna ya kuvaa soksi ya mguu bandia isichubue ngozi. Ilipata laiki nne, lakini watu mia tatu walikuwa wameihifadhi! Tukatengeneza nyingine sita: kupanda ngazi, kuoga, na ile ya “Je, kupimwa kunauma?” Siku hizi mkurugenzi ndiye anayetushikia taa. Mwezi huu wamekuja watu ishirini na watatu, na juzi tumeambiwa karakana haifungwi. Fundi alikaa chini palepale kwenye vumbi la plasta akalia. Anasema asante. Nami nasema asante, mjomba, sina neno kubwa zaidi.

Ila kuna jambo. Takwimu za video ya kupimwa zina orodha ya miji ya watazamaji, na mji wenu mdogo upo mwishoni kabisa. Mtazamaji mmoja. Ametazama mara tisa, hadi mwisho.

Tangu ulipokatwa mguu, miaka minne sasa, hakuna anayethubutu kukutajia karakana. Mama alijaribu, ukamtoa sebuleni. Sikuulizi kitu. Nimeangalia tu, kama ulivyonifundisha.

Mpwa wako


19 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Bega linauma, nisikufiche.

Barua yako imekaa mezani siku ishirini na tatu. Nilikusudia kujibu kwamba takwimu huweza kukosea, na nina hoja nzuri za kulitetea hilo, kurasa mbili nzima. Nimezichana.

Ni mimi. Kwenye video hiyo nilimwona fundi akimpima mama mmoja muuza mboga, akamwambia, “Polepole dada, mimi sina haraka, na mguu huu hauna haraka.” Sikuwa naogopa maumivu. Niliogopa kushikwa na mtu mwenye haraka. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia, nami sikumwuliza mtu. Mwambie fundi huyo namshukuru. Na wewe umemfundisha mwalimu wako. Pokea asante yangu kwa mikono miwili, na magongo nimeyaweka chini ili nikupe vizuri.

Sasa somo la mwisho. Takwimu hukuonyesha mlango, lakini kubisha hodi ni kazi yako. Leo, kabla hujaweka kitu kingine kwenye ukurasa, mpigie simu mtu mmoja aliyetazama hadi mwisho, umuulize aje siku gani. Anza na mimi.

Mjomba wako