Redio ya Baba Yako

Binti yangu, fagia sebule kwanza, baba yako asije akakanyaga vipande pekupeku.

Asubuhi kaka yako alimletea redio mpya, uso wake laini kama sahani. Ile yenye vitufe akaitupa pipani. Baba alipapasa weee, asipate pa kuongezea sauti. "Utazoea, mzee," kaka yako akacheka. Basi baba akaivurumisha kwa nguvu zake zote, ikampasua mwanawe paji la uso. Kaka yako akang'ata meno, hakutoa sauti. Baba anadhani imegonga ukuta.

Tumekwenda hospitali akashonwe. Baba nimemwambia tunakwenda sokoni. Redio ya zamani nimeiokota, iko uvunguni kwangu. Mwashie.

~~Habari za jeraha usimwambie.~~

Mwambie. Macho hana, lakini aliyeumia ni mwanawe.

Mama