Dell Amezikwa na Gauni

Jumatano, 14 Aprili 1886

Dell Cubbage amefariki asubuhi. Nimonia. Bi Lavinia, mke wa bosi wetu hapa ranchi, aliingia kumwosha, akatoka mbio kama kamwona nyoka: Dell ni mwanamke!

Mimi nilijua siku nyingi. Naye alijua kwamba mimi, huyu Orrin wao, ni mwanamke vilevile. Tulilala kibanda kimoja, tukatunziana siri, na Montana nzima hakuna wa tatu aliyeijua.

Juzi walisema hakuna anayefunza farasi kama Dell. Leo jioni mchungaji mwenzetu Hask anajigamba eti alijua zamani, kwa jinsi Dell alivyoshika kikombe. Mwongo mkubwa! Dell ndiye aliyemtoa mtoni akiwa amekunywa maji tele. Kwa mikono hiyohiyo.

Alhamisi, 15 Aprili

Wamemzika na gauni. La Bi Lavinia, la rangi ya waridi. Mabegani halikuingia, wakalipasua mgongoni.

Nilisema azikwe na suruali na buti zake, kama mchunga ng'ombe yeyote wa hapa. Bosi Stroud akanishika bega: "Orrin, mwanamke ni mwanamke, bwana. Tumsitiri."

Kumsitiri! Kwa nguo ambayo angeitupa motoni. Na buti kachukua Hask. Zimemtosha.

Sijala.

Jumamosi, 17 Aprili, jua linatua

Dansi. Wanawake hawatoshi, kama kawaida, kwa hiyo baadhi yetu hufungwa kitambaa mkononi na kucheza kike. Siku zote huwa tunapiga kura. Leo hakuna cha kura, Hask kanifunga mwenyewe. "Hana ndevu, huyu anafaa."

Tangu msiba wanachunguzana videvu. Nikikataa wataniuliza kwa nini. Nikacheza naye. Nikamkanyaga makusudi, mara mbili — bosi akacheka mpaka machozi. "Orrin, wewe hata uanamke umekushinda!"

Nilipumua. Halafu nikajichukia kwa kupumua.

Ndipo Hask akamnyamazisha mpiga fidla. "Enhe, Orrin. Umelala kibanda kimoja na yule bibi miaka yote. Ulijua, hukujua?"

Watu wazima, wamekaza macho kama watoto wanaongoja hadithi.

Nikisema sikujua, nimemcheka pamoja nao, na kaburi lake bado bichi. Nikisema nilijua, litakuja swali la pili, na macho yatashuka usoni yatue kifuani kwangu. Nikasema kwanza nikakojoe. Wakaangua kicheko.

Sasa niko zizini, naandika juu ya tandiko. Hask ananiita kutoka uani. "Toka, bwana, tunangoja jibu." Bosi naye anaita, na yeye hacheki tena.

Jibu ninalo. Ninachoogopa ni sauti. Naweza kuiweka nzito kutwa nzima, barazani, malishoni, hata nikiwa na homa. Nikikasirika tu ndipo hupanda.

Na leo nimekasirika.