Nilisafisha Mto kwa Ajili ya Wageni wa Mwanangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usimtetee mwanangu kabla hujanisikiliza mpaka mwisho, maana hapa Ikinga kila mtu ameshahukumu.

Mimi ni mama yake Lusungu. Lusungu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza chuo kikuu, amesomea samaki, ndiyo, samaki, watu walinicheka wakasema samaki anasomewa nini si analiwa tu, leo hao hao wananisalimia mara mbili njiani, kwa sababu huko mlimani kuna watu wanataka kufungua mgodi na kabla ya kuruhusiwa lazima wataalamu waje waangalie mto wetu una samaki gani na wanyama gani, na kati ya wataalamu hao yumo mwanangu niliyemzaa mimi.

Sasa wewe nawe ni mzazi, ukisikia mtoto analeta wageni utakaa tu? Nikawaita wanakwaya wenzangu, jirani yangu Nesta akiwa mbele, tukaingia mtoni na mapanga, tukafyeka matete yote kuanzia kwenye daraja la miti kushuka mpaka bustani zetu za bondeni, tukayachoma, kingo tukazipalilia zikawa kama uwanja wa kanisa, na yale mawe ambayo fisi maji wanapanda kujisaidia wakishashiba samaki, mimi mwenyewe nilipiga magoti nikayasugua kwa majivu, maana nani anakaribisha wageni kwenye mavi?

Wageni wakafika na mabuti na nyavu, mimi nimevaa kitenge kipya nimesimama ng'ambo nasubiri sifa. Nyavu zinatoka na masizi. Ndege hakuna, fisi maji hakuna. Kiongozi wao, bwana Deus, akamuuliza Lusungu si ulituambia hapa wapo, akanyamaza. Nyumbani ndipo aliponigeukia, Nesta yupo anasikia, akasema, "Mama, yale mavi ndiyo tuliyokuja kuyatafuta."

Mshauri, nimsomeshe mtoto mpaka chuo kikuu aje atafute mavi? Nikamwambia hivyo hivyo. Nesta alicheka mpaka akakaa chini. Lusungu anataka niende kwa bwana Deus nikaseme tulichofanya kabla hawajaandika kwamba mto ni mtupu. Siendi. Nimeshatangaza kanisani kwamba mkubwa wa wale wote ni mwanangu, leo nionekane najieleza kwa mkubwa mwingine? Sasa anaondoka asubuhi bila kunywa chai yangu, akirudi ni ndiyo mama, hapana mama, basi. Nifanyeje aniombe radhi?

Mama Lusungu, Ileje

Mama Lusungu, barua yako imenichekesha, kisha ikanikasirisha, na hasira ndiyo iliyobaki.

Hongera kwa kusomesha. Lakini tangu umsomeshe hujamuuliza hata siku moja kazi yake ni nini. Mto si sebule, mama. Samaki hutaga kwenye yale matete, ndege hujenga humo, na fisi maji ni mjanja, haonekani hovyo, kwa hiyo mtaalamu anajua yupo kwa choo chake juu ya jiwe. Mmefyeka nyumba na kufuta alama za wenyeji. Ikiandikwa kwamba mto hauna kitu, wenye mgodi wataambiwa walinde nini? Na bustani zenu zinanywa maji hayo hayo.

Linalonikera zaidi ni hili. Mwanao alipoulizwa alinyamaza. Unadhani alikosa la kusema? Angesema tu, "Ni mama yangu." Amekubali wenzake wamwone mwongo ili wewe usichekwe, nawe umekaa unadai radhi.

Kesho nenda kwa bwana Deus. Mchukue Nesta na kwaya nzima, maana mapanga mlishika wote, na mtu mmoja anaweza kudhaniwa ametunga. Waonyesheni mlikoanza na mlikoishia. Wapelekeni upande wa juu wa daraja, ambako hamkufika, wakague huko, na ombeni iandikwe kwamba huku chini palifyekwa na watu, warudi matete yakishaota. Usibebe kuku. Usisimulie mtoto alivyofaulu. Sema ulichofanya, basi.

Utachekwa, sikufichi, na mzaha wa kusugua mawe utazeeka nao. Wewe utaishi na kicheko. Yeye hawezi kuifanya kazi hii kama neno lake haliaminiki.