Kwa Floribert Chomba, Aliyezisemea Picha Zisizo na Sauti

Mwaka umezunguka, yaya Floribert, kaka yetu mkubwa, tangu asubuhi ile ya baridi ya mwezi wa sita tulipokulaza udongoni. Watu walituambia: ngojeni mwaka upite, mtaona uchungu unapungua. Umepita. Albertine, mke wako, bado anakuwekea sahani, halafu anakumbuka, anaiondoa. Sisi tunatazama pembeni.

Hatuandiki haya ili tujifariji. Tunaandika kwa sababu katika mji huu wa Élisabethville kuna watu wengi waliocheka na kulia kwa sauti yako, na leo wanapita mlangoni kwetu bila kujua kwamba mwenye sauti ile hayupo.

Baba yetu alitoka kaskazini kwa kazi ya reli, akatuleta huku tukiwa wadogo. Wewe ukawa mpaka rangi katika karakana. Herufi za milangoni, za mapipa, za vibao vya kambi ya wafanyakazi tulimokaa, zote zilikuwa za mkono wako. Kabla ya kuwashika watoto ulinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, lakini harufu ya rangi haikukuacha. Wivine, binti yako, alikuwa anasema “Papa anakuja!” kabla hujagusa mlango. Sasa akipita mahali wanapopaka ukuta, anasimama.

Lakini si kwa rangi watu walikujua. Walikujua kwa sinema.

Jumamosi, jua likianza kushuka, kitambaa cheupe kilifungwa kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa mpira wa kambi, na wewe ulisimama kando yake na kipaza sauti chako cha bati. Picha hazikuwa na sauti, au zilikuwa na Kifaransa ambacho wengi hawakukielewa. Wewe ndiye uliyewaambia watu huyu ni nani, anatoka wapi, anamwambia nini mwenzake. Wanawake walibeba vibao vyao vya kukalia mapema ili wakae karibu nawe, si karibu na picha.

Na maoni yako! Nani wa kuyasahau? Sinema za zamani, zile ambazo mapadri walizileta kwa camion, lori lao, tulipokuwa vijana, ulizipenda kuliko zote. Ulikuwa unasema: “Mbele, muntu alikuwa analia na mabega. Ba leo banalia na mudomo tu.” Za sasa, ulisema, zinaongea kabla hujamaliza kuangalia. Adrien, jirani yetu, aliyependa kila kitu kipya, alikuwa anakuja Jumapili baada ya misa kukuchokoza.

“Ba cowboy je?” anauliza. “Batoto bote ba cité banavaa kofia sawa bao. Na hapo utasema ni mubaya?”

“Farasi iko muzuri,” unamjibu.

“Nakuuliza bantu, weye unanijibu farasi!”

“Farasi njo peke yake hajue kama banamupiga picha. Bale bengine bote banajua.”

Adrien alicheka mpaka chai ikamwagika. Albertine akawafukuza wote wawili nje.

Kwenye vitabu vya picha ulikuwa mtu mwingine kabisa. Huko ulipenda vipya. Shemeji Faustin, mpishi katika nyumba ya Wazungu, aliviokota watoto wa nyumba wakishavitupa, akakuletea. Vile vya zamani, vyenye maneno yaliyopangwa chini ya picha, ulisema vinahubiri. Vya sasa, maneno yanatoka mdomoni mwa mtu mwenyewe katika kifuko kidogo, nawe ukasema hapo ndipo mtu anapata pumzi. Uliwatandikia watoto mkeka, ukawasomea kila mtu kwa sauti yake, hata mbwa.

Siku moja ulifika ukurasa ambapo walichorwa watu weusi, kundi zima, wamebeba mizigo. Ukaacha kusoma. Donat, mtoto wako, akakuambia uendelee. Ulikuwa unahesabu kwa kidole.

“Angalia,” uliniambia mimi, mdogo wako. “Huyu muntu anajua kuchora. Amechora imbwa tano, kila imbwa na sura yake. Siye tuko makumi, na sura moja.”

Hukukitupa kitabu kile. Ulikifunga, ukakiweka chini ya vingine.

Kisha ikaja sinema ya yule mtu wa kijijini. Nani katika kambi hakuiona? Anashuka kwenye treni na kifurushi, anamsalimia mwanamke wa mbao dirishani mwa duka, anakunywa maji ya ndoo ya kuzimia moto, anapanda baiskeli, anaanguka mtaroni. Pembeni yake kuna karani mwenye tai anayemwonyesha kidole na kucheka. Ulifundishwa la kusema: “Angalieni huyu mujinga! Musifanye sawa yeye!” Ulisema hivyo mara ya kwanza, na ya pili. Uwanja ulicheka. Ulirudi nyumbani huna hamu ya kula.

Mara ya tatu, treni ilikuwa imeleta watu wapya wa kazi. Waliketishwa mbele kabisa, chini, na vifurushi vyao mapajani. Wengi walikuwa hawajaona sinema tangu kuzaliwa. Uliwatazama kabla mashine haijawashwa. Mimi nilikuwa karibu nawe.

Picha ikaanza. Yule mtu akashuka kwenye treni. Wewe hukusema mjinga.

“Huyu muntu jina yake ni Mukuka,” ulisema. “Mama yake iko mugonjwa ku mugini. Balimuita ku kazi, hakukatala. Alitembea na miguu mpaka ku gare ya treni.”

Watu wakageuza vichwa. Mukuka akamsalimia mwanamke wa mbao. Ukasema: “Tangu atoke kwabo, hakuna muntu alimupa yambo. Anawaza pengine huyu atamujibia.” Akanywa maji ya ndoo. “Ametoka mbali. Iko na kiu.” Akapanda baiskeli. “Velo anaiogopa sana. Lakini anawaza, nikijua hii, nitarudia kwetu mbiyombiyo, mama asikufe bila kuniona.”

Akaanguka mtaroni. Karani mwenye tai akacheka pale kwenye kitambaa, mdomo wazi, bila sauti.

“Ule anacheka,” ulisema. “Na weye?”

Hakuna aliyecheka. Katika mstari wa mbele kijana mmoja mwenye kovu shavuni alianza kulia kwa sauti, na nyuma wanawake wakaitikia, kama msibani. Mama mmoja jirani yetu alivua kitambaa cha kichwa akafunika uso.

Bwana Mzungu aliyekuwa kwenye mashine ya picha hakujua Kiswahili sana, lakini alijua mahali ambapo watu walipaswa kucheka. Akamwita Alexis, karani wa ofisi, akamuuliza umesema nini. Alexis akamweleza. Ana watoto, hatumlaumu.

Jumatatu uliitwa ofisini. Alexis ndiye aliyetafsiri, na ndiye aliyetusimulia baadaye.

“Nani alikufundisha maneno yale?” Bwana aliuliza.

“Hakuna, Bwana. Niliangalia picha.”

“Picha inasema huyu mtu ni mjinga.”

“Picha haiseme kintu, Bwana. Haina sauti. Njo maana muliniita miye.”

Walikunyang’anya kipaza sauti siku hiyo. Kabla mwezi haujaisha wakakuondoa na karakanani, wakasema wewe ni mtu wa maneno mengi. Nyumba ilikuwa ya kazi, ikaenda na kazi. Tulihamisha vitanda na masufuria kwa mkokoteni mpaka Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, chumba kimoja katika ua wa watu. Albertine alitembea nyuma ya mkokoteni na kichwa juu. Alipofika ndani ndipo alipokaa chini.

Hayo yote uliyavumilia, yaya. Tulikuona. Ulikuwa unasema: “Leka tu. Ile siku balisikia. Hakuna muntu ataweza kuitoa ile mu masikio yabo.” Ulibeba matofali kwenye tanuru, ulirudi umefunikwa vumbi jekundu, na bado ulikuwa na maoni juu ya kila kitu.

Kisha ile sinema ikaja Kenya, kwenye uwanja karibu na soko, na msemaji mwingine. Albertine alikuomba usiende. Ulisema, “Nataka nisikie tu vile anasema.” Nilikusindikiza. Tulisimama nyuma ya watu.

Yule msemaji mpya alisema alivyofundishwa. “Angalieni huyu mujinga!” Na watu wakacheka. Si watu wa mtaa ule tu; wa kambi yetu ya zamani walikuwa wamekuja pia. Yule mama aliyefunika uso siku ile alikuwa mbele yetu, ameshika mbavu kwa kicheko. Na kijana mwenye kovu shavuni, yule aliyelia, sasa alikuwa na viatu na shati jeupe. Ndiye aliyecheka kuliko wote. Mtu wa baiskeli alipoanguka, alisimama akamwonyesha kidole.

Uligeuka. Sikukuona uso mpaka tulipofika kwenye taa ya duka.

“Banacheka, Rigobert,” uliniambia. “Ni picha ileile.”

“Yaya, bantu bamechoka na kazi. Banatafuta kucheka kidogo.”

“Najua. Kama ningekuwa sijue, haingeniuma.”

Hukuenda tena kwenye sinema yoyote. Jumapili iliyofuata Albertine alikukuta uani unawasha mbabula, jiko letu la makaa, kwa vitabu vya picha, ukurasa baada ya ukurasa chini ya makaa.

“Baba Wivine, unafanya nini?”

“Napika chai.”

Alikaa kando yako, hakukuzuia. Alituambia kwamba maji yalichemka mapema, na ukaendelea kutia kurasa.

Baridi ya mwaka ule ilikukuta na kifua kibovu. Vumbi la tanuru lilikuwa limeshaingia. Ulikohoa mpaka watu wa ua mzima wakajua saa zako za kulala. Hospitalini walikupa dawa, wakatuambia tumechelewa kukuleta. Labda ni kweli. Sisi tunajua tu kwamba ulikuwa umeanza kutuondokea kabla ya kukohoa.

Adrien alikuja kukuona. Alijua namna moja tu ya kukuamsha. Alivuta kiti, akaanza kukusimulia sinema mpya aliyoiona: ba cowboy tena, yenye rangi, anga la bluu kweli, damu nyekundu kweli. Akaisifu makusudi, akasema inashinda zote za zamani, zile za kulia na mabega ni za wazee. Akangoja. Sisi sote tulingoja, hata Mama yetu Mwansa ambaye hajaona sinema maisha yake yote. Tulitaka utukane, useme neno moja juu ya farasi.

Uligeuza uso ukutani.

“Ongea tu, Adrien,” ulisema. “Miye sina maoni.”

Adrien alitoka nje. Tulimkuta kwenye ngazi za hospitali, mtu mzima, analia na mabega.

Ulituacha asubuhi iliyofuata.

Tunaambiwa kifo kina sababu yake, na kwamba tutaielewa mbele ya Mungu. Padri alisema hivyo kwa upole na tunamheshimu. Lakini mwaka mzima tumetafuta sababu hiyo, na tunachokiona ni mtu aliyewapa wenzake jambo jema, nao wakalirudisha. Hawakukuchukia. Hilo ndilo gumu: wanatusalimia sokoni, wananunua samaki anaouza Albertine sasa, wanawapa watoto ndizi. Hawakumbuki tu. Sinema ile bado inazunguka mjini.

Wivine ameanza kukataa kwenda na wenzake. Donat anakwenda, anacheka, halafu anarudi nyumbani anatuangalia nyuso. Hatujui tumwambie nini. Wewe ungejua.

Misa yako itasomwa Jumapili asubuhi katika kanisa la Kenya. Atakayekuja, karibu, atakayesahau, tumezoea.

Tunaokutaja ni Mama Mwansa, aliyekuzaa na ambaye hakupaswa kukuzika. Mke wako Albertine. Watoto wako Wivine na Donat. Dada yako Agnès. Shemeji yako Faustin. Rafiki yako Adrien, ambaye tunamhesabu ndugu. Na mimi mdogo wako Rigobert, niliyeandika kwa niaba ya wote.

Hatukupona, yaya, na hatuombi kupona. Mradi mmoja wetu bado anaweza kusema, jina lako litasemwa.