Upepo wa Gurudumu la Mbele

Mpendwa Baba,

Mwaka umetimia tangu Jumapili ile, saa nne kasorobo asubuhi, simu ya Mama ilipolia juu ya cherehani yake na sauti tusiyoijua ikauliza kama hapo ni nyumbani kwa Bwana Nne. Mama alicheka. Alidhani safari hii umeshika nafasi ya tatu kwenye mashindano ya baiskeli na umemtuma mtu atutambie. Alikuwa bado anacheka wakati yule mtu anamwambia.

Mpaka leo hatuamini. Uliondoka saa kumi na mbili ukiwa mzima, umekula mayai mawili na ndizi, unaimba vibaya kama kawaida yako. Ulikuwa na miaka hamsini na tatu, na kila asubuhi kabla hujainuka kitandani ulihesabu mapigo ya moyo wako ukayaandika kwenye daftari. Mtu anayeuhesabu moyo wake kila siku, moyo unamgeukaje? Daktari alituambia moyo wako ulisimama ukiwa kwenye mteremko, kabla hujaanguka. "Hata mawe hakuyasikia," alisema. Sisi wanao tuliitikia, maana siku hiyo tulikuwa tunaitikia lolote. Mama hakuitikia.

Kwa wasiokujua, ulikuwa karani wa kaunta ya vifurushi posta, na tabia ya kazini uliileta nyumbani. Kila kitu ulikipima, kila kitu ukakibandika lebo. Tangu uliponunua baiskeli ya milimani, miaka saba kabla ya siku ile, mzani wa posta haukupumzika saa ya chakula. Ulipima siti, ukapima pedeli, ukapima hata chupa ya maji. Ulitoa gia mbili za mbele ukabakiza moja, ukatangaza mezani kwamba umepunguza gramu mia tatu na arobaini. Mama akakutazama tumbo, akasema, "Kumbe kulikuwa na sehemu ya karibu zaidi ya kupunguzia." Ulicheka mpaka ukakohoa.

Ulifanya mazoezi kwa ratiba. Jumanne ulipanda kile kilima cha tangi la maji mara sita, Alhamisi mbio fupi za kukata pumzi, Jumamosi safari ndefu, Jumatatu kulala. Uliwafundisha wageni wa mchezo huo bure, na jambo la kwanza lilikuwa lile lile: msikimbilie kununua vitu, nunueni helmeti nzuri na breki zinazoshika, mengine miguu italeta. Mara tisa ulimaliza wa nne katika kundi la wazee, na jukwaa lina ngazi tatu tu. Jina likakuganda, nawe ukamwomba Mama alishone mgongoni mwa fulana.

Jambo moja tu halikupatana kati yenu wawili, nalo ni upepo. Baba yake Mama alibeba mizigo kwa baiskeli maisha yake yote, na kwake gurudumu laini lilikuwa uzembe wa mwenye gurudumu. Wewe ulimweleza Mama mara mia kwamba mlimani ni kinyume, kwamba tairi laini hukumbatia mawe na tairi gumu hurukaruka, likakutupa. Alikusikiliza mpaka mwisho. Kisha kila asubuhi ya mashindano, ukiwa bafuni, alichukua pampu akajaza magurudumu yote mawili mpaka kucha haiingii, akairudisha pampu nyuma ya mlango, akaenda kukukaangia mayai.

Hayo sisi hatukuyajua. Tulichokiona baada ya kukuzika ni kwamba Mama ameiondoa pampu, ameifunga kwenye gunia na kuisukuma juu ya kabati. Watu walikuja kutupa pole, wakasema ajali haina kinga, na kila waliposema hivyo aliinamisha kichwa. Cherehani ilinyamaza tangu mazishi. Akiulizwa anaumwa nini, anasema, "Mimi najua." Tulidhani ni msiba tu. Mtu anaweza kula sahani moja na mama yake mwaka mzima asijue anachokimeza.

Wiki mbili zilizopita, fundi baiskeli, yule mwembamba aliyekuwa akiweka meza yake ya vifaa kwenye kila mashindano, aligonga mlango. Alikuwa ameileta baiskeli yako. Ilikaa kwake tangu siku ile, imefunikwa shuka, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kwenda kuichukua, naye hakuwa na moyo wa kutukumbusha. Aliiegemeza ukutani sebuleni. Mama alisogea, akagusa tairi la mbele kwa kidole kimoja, akaketi sakafuni pale pale.

"Mimi ndiye niliyemuua," akasema. "Aliniambia tairi gumu litamtupa. Nikalijaza. Nilijaza kwa mikono yangu hii."

Baba, dada yetu alishika fremu ya mlango. Fundi alibaki na kofia mkononi, mdomo wazi, anamtazama Mama na sisi kwa zamu, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Mama, ulijaza kila mara," akasema mwishowe. "Si mnajua? Kila mashindano, akifika tu, anakuja mezani kwangu kuazima kipimo cha upepo. Anapunguza. Miaka saba. Nikamwambia, mzee, si umkataze tu mkeo? Akasema, mwache ajaze. Akishajaza roho yake inatulia, na mimi kupunguza kunanichukua dakika moja."

Mama alitikisa kichwa. Alisema siku ile pengine hukupunguza, pengine ulichelewa, pengine ulisahau. Ndipo fundi alipochuchumaa akafuta vumbi kwenye fremu, chini ya usukani, pale ulipobandika plasta yako nyeupe ya kila mashindano. Tulikuwa tumeusahau utepe ule. Mwandiko ni wako, wa lebo za vifurushi, herufi kubwa zilizosimama wima:

MWANZO USIJIFANYE KIJANA. KM 6 MAJI. KM 11 MLIMA, USISHUKE. UPEPO: MAMA WATOTO KAJAZA 50. NIMETOA. MBELE 22, NYUMA 24. ASIJUE.

Mama aliusoma kwa sauti, akarudia mstari wa mwisho. Siri ya mtungi aijuaye kata, tunasema. Kumbe safari hii kata yenyewe ilikuwa gizani. Halafu akapiga paja kofi. "Miaka saba!" akafoka. "Miaka saba mwanamume ananizunguka, anakuja kula mayai yangu, ananiambia asante!" Alikuwa anakugombeza kweli kweli, kidole kinaielekea siti yako, na machozi yanamtiririka, ya kwanza tuliyoyaona tangu simu ile ilipolia. Aliendelea kukugombeza mpaka fundi akaaga. Tulimwacha akugombeze.

Cherehani imeanza tena kulia. Na leo asubuhi, kabla hatujaamka, Mama aliishusha pampu kutoka juu ya kabati, akajaza magurudumu yote mawili mpaka kucha haiingii. Tumeyakuta magumu kama jiwe. Tumekaa mbele ya baiskeli sote, tunasubiri, kwa sababu aliyekuwa akipunguza hayupo.

Unakumbukwa na mkeo, fundi cherehani, ambaye anasema bado hamjamalizana. Na wanao, wa kike na wa kiume. Na dada yako mkubwa, aliyekuombea katika kila mteremko. Na wenzako wa kaunta ya vifurushi, ambao mzani wao sasa unapima vifurushi tu. Na fundi wako wa baiskeli. Na waendesha baiskeli wote wa milimani uliowafundisha bure.

Plasta hatutaibandua. Lala salama, Bwana Nne. Maadamu tuko hai, hutasahaulika.