Msonge wa Robi kwenye ramani yao

Mogesi, uko wapi. Natoka kwenye mkutano wa mradi wa kupendezesha mto sasa hivi.

Unakumbuka ile picha ya nyumba yetu ya msonge niliyoweka kwenye grupu la kata? Wameionyesha ukutani, kubwa kama shuka.

Yule bwana wa mipango anasema, "Huu ndio ujenzi wetu wa asili." Watu wakapiga makofi. Nikasimama, mjinga mimi, nikapunga mkono.

Picha ya pili ni ramani yao ya kando ya mto. Mabenchi, taa, na msonge wa zege wa kuuzia soda. Umekaa palepale penye nyumba yangu. Palepale, Mogesi.

Nikauliza, na yangu? Akasema, "Hiyo itapisha, mzee wangu. Ila rangi zake tutaziiga."

Msonge upishe msonge. Na hao ndio waliosoma.

Halafu bila aibu ananiuliza nani alichanganya ule udongo wa rangi wa kuta zangu, eti wanamhitaji.

Nikamwambia ni marehemu mke wangu, Robi. Yuko nyuma ya nyumba, juu ya kaburi lake mmechora benchi. Kaa hapo umuulize.