Kaye ya Ordinatere ya Parokia

Bukavu, tarehe 4/3/2001

Mudogo wangu Venant,

Salamu nyingi toka Kadutu. Je, kifua chako kimetulia na baridi ya Nairobi? Siye tuko. Maman yetu analalamika magoti lakini anakula, na mvua imebomoa tena ukuta wa nyuma.

Naandika kwa mukono, na nampa Tonton Ignace kwa kuwa anavuka mpaka kesho kuja huko na bidhaa zake. E-mail ya parokia haiko tena kitu cha kuamini. Ijumaa watu wa service ya upelelezi walifika na karatasi yenye mihuri mbili. Kuanzia sasa kila mutu mwenye kutuma message kwa internet atoe jina, avenue, na copie ya message yenyewe tuwapelekee. Eti ni juu ya usalama. Usalama wa nani? Wale wanaolala porini wakisikia viatu vya askari, kuna aliyewauliza?

Unajua kazi yangu kwa ordinatere, ile kompyuta ya parokia. Adresi moja kwa quartier, mtaa wote. Mutu anasema, mi napiga. Jibu likifika nalitoa kwa imprimante, nalikunja, naandika jina juu, na siku ya Mungu kisha misa naita majina pale nje ya kanisa. Sasa wanataka kusimama kati yangu na hao watu wenye kunyoosha mikono.

Na tena wanataka kaye yangu, daftari la wenye kutuma, tangu mwezi wa kwanza. Ile niliianzisha mwenyewe juu watu walikuwa wanagombania nafasi: jina, avenue, siku, saa. Nilipiga rula kila ukurasa na nilikuwa najisifu nayo. Padiri Alphonse aliomba muda wa kufikiri. Walimwambia hakuna kufikiri, mwisho ni tarehe 30.

Yaya wako,
Apolline

*

Nairobi, tarehe 13/3/2001

Yaya,

Dada yangu, nimefurahi kusikia Maman anakula. Mi niko muzima, kifua kinasumbua asubuhi tu.

Hiyo karatasi imenichoma roho. Hiyo haiko sheria, ni kuweka sikio kwa mulango ya mutu. Nimeiandika yote kwa site yetu ya habari za Kivu, na mihuri yake nimeitaja. Waone haya.

Kisha nikaweka na message ya Maman Cibalonza, ile ulimupigia na kunitumia kwa e-mail ya parokia, namna askari walichoma nyumba zake na kuondoka na mutoto wake Akonkwa. Usiogope, jina nimelificha. Niliandika tu: mama mumoja wa Mumosho, ametuandikia Jumanne tarehe 27 ya mwezi wa pili. Yaya, watu wamesoma mpaka Ulaya! Redio moja imeisoma. Wenye kutufunga midomo wamekula hasara, na ni kwa mukono wako. Furahi kidogo.

Salimia Maman.

Mudogo wako,
Venant

*

Bukavu, tarehe 20/3/2001

Venant,

Kama uko muzima, vizuri. Huku usiulize.

Umeficha jina! Jumanne tarehe 27, ndani ya kaye yangu, mutu wa Mumosho iko mumoja tu. Saa tatu na nusu, Cibalonza, na mwandiko wangu muzuri. Wewe ulisoma universite, hukuona? Ulitoa siku, ulitoa fasi anakotoka, bado kidogo utoe na rangi ya kitambaa chake.

Ulifikiri huku hakuna imprimante? Jana mukubwa mumoja wa service alikaa kwa kiti changu na habari yako kwa karatasi. Alisoma polepole, kidole kikasimama kwa Jumanne. Akaniambia kwa upole, “Maman Apolline, tunasikia kaye yako iko safi sana.” Nilimwambia iko kwa Padiri, na Padiri iko Katana. Nilidanganya ndani ya nyumba ya kanisa, juu yako.

Yule mama alikuomba nini? Alikuomba upite kwa wenye kutafuta watu waliopotea, uwape jina la Akonkwa. Basi. Alilia mbele yangu nikipiga kila neno. Alikuandikia wewe, hakuandikia dunia. Service wanafungua barua za watu bila ruhusa, na wewe umefungua ya kwake bila ruhusa. Nipe tofauti, nimetafuta usiku na mchana siioni.

Nilimwambia akimbilie kwa dada yake Lwiro. Amekataa. Anasema jibu la mutoto likifika na yeye hayuko, nani atapokea? Siku ya Mungu alisimama mbele ya wote, akingojea niite jina lake.

Apolline

*

Nairobi, tarehe 25/3/2001

Yaya wangu,

Sina ya kujitetea. Nimeiondoa kwa site. Nimepeleka jina la Akonkwa kwa wenye kutafuta, nilipaswa kuanzia hapo. Nisamehe.

Choma ile kaye. Nakuomba, ichome leo.

Mudogo wako,
Venant

*

Bukavu, tarehe 31/3/2001

Mudogo wangu,

Maman anakusalimia. Hajui kitu, na asijue.

Choma, unasema. Nikichoma na kuingia mukono mutupu, watakamata quartier nzima na kuwauliza mumoja mumoja. Kwa hiyo nilitafuta kaye nyingine ya ganda lile lile, nikapiga rula. Nimenakili siku zote na saa zote, mistari mia mbili na kumi na ine. Jina na avenue tu ndivyo nimebadili. Kila mustari jina langu na avenue yetu: M'Cirhuza Apolline. Na Jumanne tarehe 27, saa tatu na nusu, M'Cirhuza Apolline, wa Mumosho. Waulize popote, papa yetu Cirhuza alizaliwa kule. Ile ya kwanza imepika maharagi.

Jana nimewapelekea mwenyewe. Mukubwa aligeuza kurasa mpaka mwisho, akauliza kama nawacheka. Nilimwambia karatasi yao inataka jina la mwenye kutuma, na mwenye kubonyeza ni mimi. Hakucheka. Wameniita Jumatatu saa mbili.

Naogopa, Venant. Nakuambia wewe ndugu yangu, mbele yao sitasema. Lakini hasira inapita woga.

Cibalonza amekubali Lwiro. Nilimwapia jibu likija litamufikia. Lisipite kwa e-mail, mupe Tonton Ignace.

Na mimi usiniweke kwa internet. Hata wakinifunga, hata ukiona ni vizuri. Mpaka niseme mwenyewe. Hii nimeandikia wewe.

Yaya wako

*

Nairobi, tarehe 24/4/2001

Yaya wangu mupenzi,

Maman iko namna gani? Na wewe uko namna gani? Hii ni barua ya tatu bila jibu tangu ile Jumatatu walikuita. Tonton Ignace alisema mulango wa chumba cha ordinatere uko na kufuli ya service, na Padiri Alphonse anazunguka bureau kwa bureau, ofisi zao zote, akikuulizia. Kila bureau inamutuma kwa ingine.

Akonkwa amepatikana. Aliwatoroka, akavuka ziwa Tanganyika, iko kwa kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Nimepata karatasi ya mwandiko wake mwenyewe. Nimeikunja namna unakunja, nimeandika jina la mama yake juu. Tonton anaipeleka mpaka Lwiro.

Habari yako nimeiandika yote. Majina yao, kiti chako walichokalia, mistari mia mbili na kumi na ine. Mukubwa wangu wa kazi ananiuliza kila asubuhi inatoka lini. Najua ingewaumiza. Labda ingekutoa, labda ingekumaliza, na mwenye kunijibu ni wewe peke yako. Kidole kiko juu ya kibonyezo, Yaya, na nina hasira ya kuvunja meza. Sijabonyeza.

Niambie niseme, ao niambie ninyamaze. Neno moja, kwa karatasi yoyote. Tonton anarudi siku ya Mungu, nitamungojea kwa stasheni ya basi.

Mudogo wako,
Venant